CERN: maabara ya chembe ndogo, na inavyotugusa hadi Maguu

Msikilizaji, ukifungua ukurasa huu kwenye simu yako, unatumia kitu kilichozaliwa katika maabara ya fizikia. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi CERN, alibuni mfumo wa tovuti ili wanasayansi wa nchi mbalimbali wasomeane taarifa. Mwaka 1993 CERN iliutoa kwa dunia nzima bure.

CERN ni nini?

Ni maabara ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1954 na nchi 12 za Ulaya. Iko karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Mkataba wake unakataza kazi za kijeshi na unataka matokeo yatangazwe wazi.

Inachunguza nini?

Kila kitu, hata punje ya kahawa, kimeundwa kwa atomu, na atomu imeundwa kwa chembe ndogo zaidi. Ili kuzijua, wanasayansi huzigonganisha kwa kasi kubwa na kusoma kinachotokea. Mashine yao kubwa imo katika handaki la mviringo la kilomita 27, takriban mita 100 chini ya ardhi. Barabara yetu ya Mbinga hadi Mbamba Bay ni zaidi ya mara mbili ya urefu huo, lakini chembe hulizunguka handaki zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde moja! Mwaka 2012 ilitangazwa kupatikana kwa chembe ya Higgs, iliyotabiriwa tangu 1964.

Sisi tunapata nini?

Mashine ndogo za ukoo huohuo hutibu saratani kwa mionzi, kama pale Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kutoka Mbinga ni safari ya takriban kilomita elfu moja, na matibabu huweza kuchukua wiki kadhaa. Mashine hizo zinahitaji umeme wa uhakika na mafundi. Ndiyo maana tangu 2016 wataalamu wa CERN na madaktari, wakiwemo wa Afrika, wanatafuta namna ya kuunda mashine nafuu na imara zaidi, itakayoweza kuwekwa karibu na wagonjwa.

Na vijana wetu? Kigali, Rwanda, kuna taasisi ya Afrika Mashariki inayofundisha fizikia ngazi ya uzamili. Mtoto anayependa hesabu tusimwambie hayo ni ya Wazungu.