Saa 48 Zetu Wenyewe: Historia Fupi ya Gemu Jamu na Kwa Nini Inatuhusu Sisi Wakimbizi

 

Leo historia yetu si ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya gemu, yaani michezo ya kompyuta na simu, hasa zile zinazotengenezwa wikiendi moja tu, kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Mkusanyiko wa kutengeneza gemu namna hiyo unaitwa gemu jamu. Jamu hapa siyo ile ya kupaka kwenye mkate, wala siyo jamu ya magari ya Kampala. Neno limetoka kwa wanamuziki wanaokutana bila wimbo ulioandikwa. Mmoja anaanzisha, wengine wanamfuata, na kitu kinazaliwa pale pale. Sisi tuliokulia kwenye rumba tunaelewa haraka: fikiria sebene, lakini badala ya magitaa kuna kompyuta.

Najua kuna watakaosema, "Mgao unapungua, nyinyi mnaongelea gemu?" Swali hilo ni la haki na hatulikimbii. Ila kuna njaa nyingine kambini isiyopimwa kwa kilo. Ni njaa ya kumaliza kitu. Sisi maisha yetu ni kusubiri. Unasubiri kadi, unasubiri intavyu, unasubiri kesi ijibiwe, unasubiri jina kwenye ubao. Unaanza kozi, mradi unafungwa kabla hujapata cheti. Muda wetu uko mikononi mwa watu wengine. Gemu jamu ni kinyume cha hiyo yote. Ina saa ya kuanza, ina saa ya kumaliza, na saa hiyo inafika kweli. Ndo maana historia yake tunaona inatuhusu.

Tuanze na walioianzisha.

Mwezi wa 3 mwaka 2002, watengenezaji gemu wachache walikutana Oakland, California, nchini Marekani. Kati ya walioandaa walikuwepo Chris Hecker na Sean Barrett. Wakati ule gemu kubwa zilikuwa zinachukua miaka, watu wengi na hela nyingi. Kampuni ziliogopa kujaribu jambo jipya, kwa sababu likifeli hela yote imekwenda. Hawa wenzetu wakageuza hesabu: kama kufeli kunaogopesha kwa sababu ya muda na hela, basi tupunguze muda na hela. Wakaandaa programu moja iliyoweza kuonyesha vijitu 100,000 kwa pamoja kwenye skrini, wakawaambia waalikwa: jaribuni mnachotaka, mna siku chache tu. Mkutano ule wakauita Indie Game Jam. Wazo likiwa baya, umepoteza wikiendi tu. Likiwa zuri, umepata mlango.

Mwezi uliofuata, wa 4 mwaka huohuo, Geoff Howland akaanzisha nyingine, Ludum Dare. Jina ni la Kilatini na maana yake ni kama "kutoa mchezo". Hii haikuhitaji kusafiri, kila mtu alishiriki alipo kupitia intaneti. Ya kwanza ilikuwa ya saa 24, baadaye ikawa saa 48. Ukishindana peke yako sheria ni kali: programu, picha na sauti, vyote uvitengeneze ndani ya saa hizo. Halafu unatakiwa kuweka wazi maandishi ya programu yako ili wengine wasome na kujifunza. Wanaopima gemu ni washiriki wenyewe. Hela ya zawadi hakuna. Zawadi yako ni gemu uliyotengeneza. Markus Persson wa Sweden, aliyetengeneza Minecraft, naye amewahi kushiriki mara kadhaa kama watu wengine.

Mwaka 2006 Wadenmark wakaanza Nordic Game Jam mjini Copenhagen. Hapo watu walikutana chini ya paa moja, wakajipanga vikundi na watu ambao hawakuwajua jana. Kutoka hapo likaja wazo la kuunganisha dunia. Susan Gold, Gorm Lai, Ian Schreiber na Foaad Khosmood wakaanzisha Global Game Jam. Ya kwanza ilifanyika kuanzia tarehe 30 mwezi wa 1 mpaka tarehe 1 mwezi wa 2 mwaka 2009, katika nchi 23. Utaratibu wake wa awali ulikuwa mwepesi. Mada ilikuwa siri mpaka Ijumaa jioni. Ilipotangazwa, kila mji ulianza kufanya kazi juu ya mada ileile. Jumapili kazi ilikusanywa, na siyo mashindano.

Msifikiri vinavyotoka pale ni vichezeo vya kutupa. Mwaka 2013 mada haikuwa hata neno, ilikuwa sauti ya moyo unaodunda. Vijana wa Bossa Studios, London, wakatengeneza gemu ya daktari anayepasua mgonjwa kwa mkono usiotii. Ndani ya miezi michache ikawa inauzwa kwa jina la Surgeon Simulator. Mwaka 2017, kwenye Nordic Game Jam, Arvi Teikari kutoka Finland alitengeneza Baba Is You. Ndiyo, Baba, ingawa hakuna Mswahili aliyehusika! Kwenye gemu hiyo sheria zimeandikwa kwa maneno yaliyolala chini kama mawe. Ukisukuma neno, sheria inabadilika. Ukuta uliokuzuia unaacha kukuzuia. Sisi tuliipenda mara ya kwanza tulipoicheza, na hatuhitaji kueleza kwa nini mtu wa kambini angependa sheria zinazosukumika.

Halafu mwaka 2019 Global Game Jam ikatoa mada hii: nyumbani kuna maana gani kwako? Watu wa nchi zaidi ya 100 walikaa wikiendi wakijibu swali hilo kwa gemu. Kama kuna mada ambayo sisi tungekuwa walimu, ni hiyo. Kuna kati yetu aliyezaliwa Kivu, akakulia Uganda, na anaota kwa lugha ambayo mama yake haijui. Muulize huyo nyumbani ni wapi, utapata gemu tatu.

Hapa ndipo historia inapotugusa kwa namna nyingine. Wakimbizi tumekuwa ndani ya gemu muda mrefu, ila kama watu wa kusimuliwa. Mwaka 2006 wanafunzi wa chuo kikuu cha University of Southern California, wakiongozwa na Susana Ruiz, walitoa Darfur is Dying. Haikutoka kwenye jamu, ilitoka kwenye shindano la wanafunzi. Mchezaji anachagua mtu wa familia aende kuteka maji huku akijificha wanamgambo wasimkamate. Ilisaidia watu wa mbali kujua kinachotokea Darfur, na kwa hilo tunashukuru. Lakini mtu wa ndani ya gemu ile anakimbia, anateka maji, anajenga, basi. Hatanii. Hagombani na shemeji. Hashabikii timu. Anayetuona kutoka mbali anaona mateso, na ni kweli yapo. Anayeishi hapa anaona mateso na pia jirani anayeimba vibaya kila asubuhi.

Kisha akatokea mmoja wetu. Lual Mayen ni wa Sudan Kusini. Alizaliwa familia yake ikiwa njiani kukimbia vita, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Aliona kompyuta kwenye usajili wa wakimbizi akaitamani. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka zikafika dola 300, akamnunulia. Fikirieni mama wa kambini anaweka dola 300! Lual amesimulia jinsi alivyotembea saa tatu kwenda kuchaji. Alijifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu aliyoiita Salaam, yaani amani, kwa sababu aliona vijana wenzake wanacheza gemu za kuua tu. Baadaye alifika Marekani, akaanzisha kampuni ya Junub Games, na mwaka 2018 akatambuliwa kwenye tuzo kubwa za gemu, The Game Awards. Yeye hakuanzia kwenye jamu. Lakini alithibitisha kwamba anayesimuliwa anaweza kushika kalamu.

Na sisi je? Sisi si Lual, ila wikiendi tunayo. Tulikaa watu 14, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasudan Kusini wawili, tukiwa na kompyuta tatu. Moja betri yake imekufa, ukichomoa waya tu inazima. Tulitumia Godot, programu ya bure iliyoanzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina. Tuliichagua kwa sababu inaingia kwenye flashi, haidai bando wala usajili. Mada tulipiga kura, ikashinda "foleni".

Ijumaa usiku kila mtu alitaka kuweka kambi nzima: soko, uwanja wa mpira, zahanati, mpaka boda zenye namba zake. Jumamosi saa sita mchana tulikuwa tumebaki na bomba moja na foleni moja. Hiyo ndo shule kubwa ya gemu jamu, kukata. Muda mfupi unakulazimisha kujiuliza ni kipi ukikiondoa hakuna tena mchezo. Tulichokuta ni bidoni la njano. Wote mnajua: ukienda kugeuza uji, bidoni lako linabaki kushika nafasi. Basi mchezaji ndiye bidoni. Mwenye bidoni ameondoka, watu wanakusogeza kwa miguu, mtoto anakukalia, na wewe unatakiwa kubaki kwenye mstari mpaka mwenyewe arudi, kabla bomba halijafungwa. Tukaiita Nishikie Nafasi. Sauti zote tulirekodi kwa simu, nyingi ni za kugonga bidoni. Michoro ilifanywa na dada mmoja Mrundi ambaye hakuwahi kugusa kompyuta. Alichora kwenye daftari, tukapiga picha.

Jumapili asubuhi tulimwita mama mmoja jirani ajaribu. Alicheza kimya, akarukwa mara mbili kwenye foleni, akauliza, "Wanangu, mbona hapa hakuna pa kugombeza?" Tukaangaliana. Ni kweli, foleni gani ya maji isiyo na kugombezana? Tukaongeza kitufe cha kugombeza, na sauti tukarekodi ya kwake yeye mwenyewe. Hicho ndicho kitufe ambacho kila mtu anakipenda. Hakuna mtaalamu wa mbali ambaye angekikumbuka, kwa sababu kwa mtu wa mbali foleni ni takwimu tu. Saa kumi jioni tulifunga. Ilikuwa na kasoro, lakini ilikuwa imekwisha. Siku hiyohiyo ilianza kupita simu kwa simu kwa Bluetooth.

Turudi kwa lile swali la mgao. Gemu haipikwi, tunajua. Haitaongeza hata kikombe kimoja cha maharage. Lakini kijana aliyemaliza kitu siku mbili, akamwona mama wa jirani anakicheza na kucheka, Jumatatu anaamka tofauti. Anajua kwamba mambo mengine yanaisha na siyo yote yanasubiri ofisi. Na pia amejifunza mambo ambayo kozi nyingi hazifundishi: kupanga kazi, kukubali wazo lako likatwe, kumsikiliza mtumiaji, kukabidhi kazi kwa saa uliyoahidi.

Kwa nyinyi wa mashirika, ombi letu ni dogo. Tupeni ufunguo wa ukumbi kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili, na umeme. Kompyuta hata zilizochoka tutazibembeleza. Ila mada tuachieni. Mkituletea mada ya kunawa mikono, tutatengeneza gemu ya kunawa mikono, na hakuna mtu atakayeicheza mara mbili. Wale wa Oakland walifika mbali kwa sababu hawakuwa na bosi wa kumuuliza kwa siku chache. Tunaomba hizo siku chache.

Kwa vijana wenzetu: huhitaji kujua kompyuta. Tunahitaji wachoraji, waimbaji, wanaojua hadithi, na wanaojua kugombeza. Anayejua lugha mbili atatafsiri. Asiyejua chochote atajaribu gemu na kutuambia ukweli.

Jamu ya pili inaanza Ijumaa ijayo saa kumi na mbili jioni. Mada itapigiwa kura palepale. Jumapili saa kumi tunafunga, iwe imekamilika au ina mashimo. Njoo na flashi, na chaja kama unayo.