Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Ndugu msikilizaji, nawe ndugu msomaji unayeyapata maneno haya gazetini, juma hili tuvuke bahari hadi Marekani, kwenye ule mchezo wao wa mpira wenye umbo la yai. Huchezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu, na kila timu ina mtu mmoja aitwaye kwotabeki. Huyo ndiye hupokea mpira shambulizi linapoanza, akaamua kwa sekunde mbili tatu amrushie nani, au akimbie nao mwenyewe. Timu ikishinda husifiwa yeye. Ikishindwa hulaumiwa yeye.

Kwa miaka mingi nafasi hiyo ilihesabiwa kuwa ya Wazungu. Kisa? Ilidaiwa kwamba inataka akili na uongozi. Kijana mweusi alisifiwa kwa mbio na nguvu, kisha akahamishiwa nafasi nyingine.

Mwaka 1968, Marlin Briscoe aliichezea Denver kama kwotabeki akiwa mgeni kabisa katika mchezo wa kulipwa, akarusha pasi 14 za kufunga. Mwaka uliofuata hakupewa tena nafasi hiyo. Alihamia Buffalo, akageuzwa mdakaji wa pasi za wengine.

Mwaka 1978 Warren Moon alimaliza chuo kikuu akiwa mchezaji bora wa mechi kubwa ya Rose Bowl. Siku timu za NFL zilipochagua vijana wapya kwa zamu, jina lake halikutajwa hata mara moja. Akaenda Kanada, akatwaa ubingwa na Edmonton miaka mitano mfululizo. Ndipo Houston wakamchukua mwaka 1984. Mwaka 2006 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, kwotabeki mweusi wa kwanza wa zama hizi kupata heshima hiyo.

Doug Williams naye, siku ya Super Bowl ya Januari 1988, alirusha pasi nne za kufunga katika robo moja tu ya mchezo. Washington iliifunga Denver 42 kwa 10. Kabla ya hapo, waandishi walikuwa wamemwandama kwa maswali juu ya rangi yake.

Mtu angedhani mjadala uliishia hapo. La hasha! Mwaka 2003, mtangazaji maarufu wa redio, Rush Limbaugh, alidai katika televisheni kwamba Donovan McNabb wa Philadelphia anasifiwa kupita kiasi kwa sababu waandishi wanatamani kuona kwotabeki mweusi akifanikiwa. Juma hilo hilo alijiuzulu kazi hiyo ya televisheni.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha mwaka 2018. Katika vijana waliokuwa wakingoja kuchaguliwa, walikuwamo Josh Allen, Mzungu, na Lamar Jackson, mweusi. Chuoni, katika kila pasi mia, Allen alifikisha kama 56 na Jackson kama 57. Kwa hesabu hiyo, kasoro yao ilikuwa moja. Lakini Allen alisifiwa kwa mkono wenye nguvu, na walioiona kasoro yake wengi walisema avumiliwe, atajifunza. Jackson, aliyekwisha kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 2016, aliambiwa na Bill Polian, kiongozi wa zamani wa timu aliyekuwa mchambuzi wa televisheni, kwamba afadhali awe mdakaji. Allen alichaguliwa wa 7. Jackson alichaguliwa wa 32.

Msimu wa 2019 Jackson aliongoza ligi nzima kwa pasi za kufunga, 36, na kura zote 50 za mchezaji bora zikamwendea. Polian akakiri hadharani kwamba alikosea. Allen naye alivumiliwa kweli, akajifunza, akawa mchezaji bora wa msimu wa 2024. Simwonei kijicho. Ninachouliza ni kwa nini subira hiyo igawiwe kwa ubaguzi.

Ndugu zangu, sisemi haya kwa kuwacheka Wamarekani. Nilipokuwa mchanga katika kazi hii ya utangazaji wa soka, kulikuwa na winga mmoja niliyezoea kumwita "mwenye mbio tu". Nilipenda jinsi neno lilivyotoka, nikalirudia wiki baada ya wiki. Miaka mingi baadaye tulikutana stendi ya basi. Alinisalimu kwa heshima, kisha akasema, "Kaka, kocha wetu alikuwa akikusikiliza sana." Hakuongeza neno. Nami sikuwa na la kujibu.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Sisi wa kipaza sauti tuna balaa letu: mdomo wetu huponza kichwa cha mwenzetu. Ukisikia mchezaji mmoja akisifiwa akili na mwingine miguu, mtazame mwenyewe uwanjani kabla ya kukubali. Nasi watangazaji, kijana akikosea tuseme amekosea pasi. Tusimtangazie mwisho wake.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.