Soda, Bei na Barabara: Unywaji wa Sukari kwa Vijana wa Dumila

Mijadala kuhusu vijana na soda huishia kwenye tabia: kijana hana elimu ya lishe, hana kiasi, au amelaghaiwa na matangazo. Dumila, wilayani Kilosa mkoani Morogoro, inadai maelezo mengine. Mji huu upo pale barabara ya Kilosa inapochepuka kutoka barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, na biashara yake imepangwa kumhudumia abiria mwenye kiu na haraka. Friji anayoipita abiria mara moja, mwanafunzi huipita kila siku. Makala haya yanadai kwamba upatikanaji na bei vina uzito kuliko udhaifu wa nia.

Zamani chupa ya kioo ilimfunga mnywaji dukani: anywe palepale, au aweke rehani. Chupa ya plastiki imeondoa sharti hilo, na ujio wa Azam Cola na Mo Cola umezidisha ushindani dhidi ya Coca-Cola na Pepsi. Isitoshe, soda ni heshima: harusini mgeni huandaliwa soda. Matangazo hayakuibuni heshima hiyo, yaliikuta, yakaitumia.

Kola yenye gramu 10.6 za sukari katika mililita 100 humpa mnywaji wa chupa ya mililita 350 takriban gramu 37. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari huru (inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji, pamoja na ile ya juisi) isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000. Wanaohimiza vinywaji vya asili wakumbuke kuwa juisi ya miwa, au ya ukwaju iliyokolezwa sukari, nayo huingia katika hesabu hiyohiyo.

Tanzania hutoza soda ushuru kwa lita, iwe na sukari nyingi au kidogo. Afrika Kusini, tangu Aprili 2018, hutoza kila gramu inayozidi nne katika mililita 100, hivyo mtengenezaji ana sababu ya kupunguza sukari. Mexico ilianza kutoza peso moja kwa lita mwaka 2014, na ununuzi ukashuka kwa takriban asilimia 6 mwaka huo.

Morogoro, mkoa wa viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa na Mbigiri, pingamizi dhidi ya kutoza soda kwa gramu ni rahisi kulitabiri: ushuru utamuumiza mkulima wa miwa. Lakini sukari ya viwandani inayotumiwa kutengenezea soda, kwa miaka mingi, imekuwa ikiagizwa hasa kutoka nje. Pingamizi zito zaidi ni kwamba maskini atalipa zaidi huku kiu yake ikibaki palepale. Kwa hiyo ushuru wa gramu utahalalika iwapo mapato yake yatafikisha maji safi ya bure shuleni, kwa kuwa ushuru peke yake hupandisha bei ya chaguo moja bila kumpa kijana la pili.