Masaya Hattori: Mjapani Aliyeongoza Benki Kuu ya Rwanda

Kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, Benki ya Taifa ya Rwanda iliongozwa na gavana ambaye hakuwa Mnyarwanda wala Mbelgiji. Masaya Hattori, mtumishi wa Benki Kuu ya Japani, alikwenda Kigali chini ya mpango wa msaada wa kitaalamu wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Utumishi wake unaonesha kile ambacho mtaalamu wa kigeni anaweza kuifanyia benki kuu ya nchi changa, na pia mahali uwezo wake unapokoma.

Hattori alizaliwa mwaka 1918. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwaka 1947, alijiunga na Benki Kuu ya Japani, ambako alipata uzoefu wa kazi za kibenki kabla ya kupelekwa Afrika.

Hali aliyoikuta

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, lakini iliendelea kutumia sarafu moja na Burundi hadi mwaka 1964, ilipoanzisha benki kuu yake. Nchi haikuwa na bandari, na fedha zake za kigeni zilitegemea zaidi kahawa iliyolimwa na wakulima wadogo. Benki kuu yenyewe ilikuwa na watumishi wachache, na kazi ya kuweka sawa hesabu zake ilikuwa miongoni mwa mambo ya mwanzo yaliyomkabili gavana mpya.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa viwango viwili vya kubadilisha fedha. Kwa kiwango rasmi, dola 1 ya Marekani ilikuwa sawa na faranga 50. Katika soko huria, dola hiyo hiyo ilikuwa na thamani ya takriban mara mbili. Kahawa ilipouzwa nje, dola zake zilibadilishwa kwa kiwango rasmi, na hivyo bei aliyolipwa mkulima ikawa ndogo. Kwa upande mwingine, wageni wenye mishahara mikubwa na waagizaji wa bidhaa waliopata idhini waliweza kununua dola kwa faranga 50. Kwa maneno mengine, unafuu waliopata hao wachache ulitoka katika jasho la mkulima.

Mageuzi ya mwaka 1966

Rais Grégoire Kayibanda alimkabidhi Hattori jukumu lililovuka mipaka ya kawaida ya gavana: kuandaa mpango mzima wa kufufua uchumi. Mpango huo ulianza kutekelezwa Aprili 1966. Viwango viwili viliunganishwa kuwa kimoja cha faranga 100 kwa dola, udhibiti wa uagizaji ukalegezwa, na bei ya kahawa kwa mkulima ikapangwa upya. Hatua hizo ziliambatana na marekebisho ya kodi na nidhamu katika matumizi ya Serikali, kwa kuwa kushusha thamani ya sarafu bila kuziba nakisi ya bajeti kungezaa mfumuko wa bei tu.

Msingi wa fikra zake ulikuwa kwamba mkulima na mfanyabiashara mdogo wa Rwanda wana akili ya uchumi kama watu wengine. Wakipata bei ya haki na bidhaa za kununua, watazalisha na watafanya biashara. Mtazamo huo ulikwenda kinyume na wa wageni wengi wa wakati huo, walioamini kuwa mwananchi hana ari ya kazi. Kwa sababu hiyo Hattori alishughulikia pia mambo ambayo kwa kawaida hayamo katika kazi za benki kuu, yakiwemo maghala ya bidhaa, usafiri wa mabasi na nafasi ya wafanyabiashara wazalendo katika soko. Katika kipindi chake, Benki ya Kigali ilianzishwa mwaka 1966, na Benki ya Maendeleo ya Rwanda mwaka 1967.

Kipindi hicho kilikuwa cha kujenga taasisi za fedha katika ukanda mzima. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966 chini ya gavana mzalendo, Edwin Mtei, na benki kuu za Kenya na Uganda zilianza kazi mwaka huo huo.

Kukabidhi na kilichofuata

Mwaka 1971 Hattori alikabidhi ofisi kwa Mnyarwanda, Jean Birara, aliyeshika wadhifa huo hadi mwaka 1985. Mwaka 1972 alichapisha kwa Kijapani kumbukumbu za miaka yake ya Kigali, kitabu ambacho bado kinasomwa nchini Japani. Baadaye alifanya kazi Benki ya Dunia. Alifariki mwaka 1999.

Hata hivyo, sera ya fedha haikuweza kutibu mgawanyiko wa kisiasa uliokuwepo kabla hajafika. Maelfu ya Wanyarwanda walikuwa tayari wakimbizi katika nchi jirani, Tanzania ikiwemo. Kayibanda alipinduliwa mwaka 1973, na mwaka 1994 nchi ikakumbwa na mauaji ya kimbari. Gavana aliweza kurekebisha bei ya dola na kumrudishia mkulima sehemu ya haki yake. Amani ya kuifaidi haki hiyo ilikuwa nje ya mamlaka ya benki kuu.