Manyoya Juu ya Ndoano

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hiyo niliifundisha miaka mingi bila kujua kwamba ilinihusu mimi mwenyewe.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkufunzi wetu mmoja Mmarekani alikuwa akipanda milimani kuvua trauti, samaki wa kigeni waliopandikizwa katika Mto Gura mwaka 1905. Chambo chake hakikuwa nyungunyungu bali ndoano iliyofungwa manyoya. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za Bi. Carrie Stevens.

Bibi huyu alikuwa fundi wa kofia za wanawake, akiishi Upper Dam, katika jimbo la Maine, Marekani. Mumewe alikuwa kiongozi wa wavuvi. Tarehe 1 Julai 1924 aliacha kazi za nyumbani, akafunga manyoya ya kijivu juu ya ndoano yafanane na visamaki wanaoliwa na trauti, akaenda kukijaribu chambo chake bwawani. Akatoa trauti wa ratili 6 na wakia 13, yaani kilo 3 hivi. Samaki huyo alimpatia zawadi ya pili katika mashindano ya gazeti la Field & Stream, na wavuvi wakaanza kumwagizia vyambo.

Kilichovuma kuliko vyote ni Gray Ghost, yaani Mzuka wa Kijivu. Kiwiliwili chake ni uzi wa hariri wa rangi ya machungwa, uliozungushiwa utepe mwembamba wa fedha. Chini hukaa nywele nyeupe za mkia wa kulungu. Juu, manyoya marefu ya kijivu ya jogoo. Ubavuni, unyoya wa jogoo wa mwituni wenye doa kama jicho. Yote hayo Bibi aliyafunga kwa vidole vitupu, bila jiliwa. Mvuvi hukitupa kukingama mkondo, hukiacha kichukuliwe na maji, kisha huvuta mshipi kidogo kidogo. Manyoya yakilowa hulala, yakachezacheza kama samaki aliye hai.

Nilisikiliza, nikasahau. Baadaye, nikiwa mwalimu mkuu, nilimkuta mvulana wa darasa la sita akifunga manyoya ya kuku juu ya ndoano wakati wa somo la hesabu. Nilimchapa, nikayatupa manyoya yake motoni. Hakulia, alivitazama vidole vyake tu. Muhula uliofuata hakurudi shuleni, nami sikwenda kwao kuuliza.

Fundi wa kofia aliwekewa bamba la ukumbusho pale Upper Dam mwaka 1970. Mvulana wangu sijui aliko.

Ninyi vijana mnaofundisha leo, mkimkuta mtoto ameshika ndoano, mwulizeni kwanza ameifungaje. Hesabu itasubiri dakika tano.