Kabla ya kununua kitabu cha kubuni saketi

Msikilizaji wetu mmoja, kijana fundi simu, alituandikia kwamba ana akiba ya kununua kitabu kimoja tu cha kujifunza kubuni chipu. Anunue kipi? Muda wa kipindi ulituishia, kwa hiyo tunamjibu hapa.

Kwanza tuelewane. Chipu za leo hazichorwi kwa rula na penseli. Mhandisi huieleza saketi kwa lugha maalumu ya maandishi, kisha kompyuta huyageuza maelezo hayo kuwa saketi. Lugha kubwa ni mbili: VHDL, iliyoanzia Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kuwa kiwango rasmi mwaka 1987, na Verilog, iliyopata hadhi hiyo mwaka 1995. SystemVerilog ni Verilog iliyopanuliwa. Ukiijua moja vizuri, nyingine haitakusumbua sana.

Kwa sura, lugha hizi zinafanana na zile za kuandikia programu, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Programu hutekelezwa mstari baada ya mstari. Saketi ni kama wapiga ngoma watano wanaofuata mpigo mmoja: wote wanapiga kwa pamoja. Kitabu kinachofundisha sarufi ya lugha tu, bila mchoro wa saketi, kitakuacha umekariri maneno. Kifungue popote penye maandishi ya Verilog au VHDL. Kama hakuna michoro ya saketi karibu, kirudishe kwenye rafu.

Kama ni kimoja tu, sisi tungechagua Digital Design and Computer Architecture cha David Harris na Sarah Harris. Kinaanza na 0 na 1, kinapita kwenye milango ya mantiki, kinaziweka lugha zote mbili bega kwa bega, na kinaishia kwenye kuunda prosesa. Toleo la kwanza ni la 2007, la RISC-V ni la 2021. Kwa sura za mwanzo, hata toleo kuukuu linafaa, na mitumba haina aibu.

Tahadhari moja ya pesa. Vitabu vingine vimefungwa kwenye bodi fulani ya mazoezi. Kile cha Pong P. Chu cha Verilog cha mwaka 2008 kina mifano mizuri, lakini kinafuata chipu za Spartan-3. Programu ya sasa ya chipu za Xilinx, Vivado, haizitambui. Utahitaji ile ya zamani, ISE, ambayo toleo lake la mwisho ni la 2013. Uliza habari za bodi kabla ya kutoa pesa.

Asiye na pesa kabisa apakue Free Range VHDL, kitabu cha bure cha Bryan Mealy na Fabrizio Tappero. Kinamtaka msomaji awe anaijua milango ya mantiki, ambayo imo kwenye Fizikia ya kidato cha tano na sita. Mazoezi ya Verilog yako bure kwenye tovuti ya HDLBits, na majibu yako hukaguliwa papo hapo. Kwenye kompyuta, Icarus Verilog na GHDL huigiza saketi bila bodi yoyote. Simu inatosha kusomea. Kwa kuandika, tuseme ukweli, kioo chake ni kidogo. Na vitabu hivi vyote ni vya Kiingereza.

Kijana wetu tumemshauri aanze na cha bure, afanye mazoezi mwezi mzima, na akiba yake aiache ilipo kwanza.