Jicho na Hatua: Kuona na Kujongea katika Ukuaji wa Mtoto Mdogo

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyetembea hupelekwa kliniki kwa sababu ya miguu. Hukaguliwa nyonga, magoti na uti wa mgongo. Mama huulizwa kama uzazi ulikuwa mgumu na kama mtoto anakula vizuri. Bibi, kwa upande wake, hushauri akandwe kwa maji ya moto. Yote hayo yana nafasi yake. Lakini swali moja huachwa mara nyingi mno, vijijini kama Nkowe wilayani Ruangwa na hata mijini: je, mtoto huyu anaona? Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo linapaswa kutangulia. Katika miaka miwili ya mwanzo kuona na kujongea hukua pamoja, na anayepima kimoja akaacha kingine hajampima mtoto.

Arnold Gesell wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyewafuatilia watoto kwa kuwapiga picha za sinema, alilieleza jambo hili kwa kirefu mwaka 1949: mtoto hujifunza kuona kwa mwili mzima. Mtoto mchanga huona vyema kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani karibu na umbali uliopo kati ya uso wake na wa mama anayemnyonyesha. Kufikia wiki ya sita hadi ya nane huanza kumkazia mama macho na kuufuata uso unaosogea. Shingo ikikaza, macho hupata utulivu, na mikono nayo huanza kuelekea kule macho yanakotazama.

Tumtazame mtoto wa miezi mitano, mwezi wa Novemba, msimu wa korosho, amepakatwa na dada yake kwenye mkeka chini ya mkorosho. Dada amemwonyesha bibo jekundu, korosho yake ikiwa imeshanyofolewa kwa sababu mafuta ya ganda lake huunguza ngozi. Kwanza mtoto hukodoa macho na kutulia tuli. Kisha mabega hutikisika, kinywa hufunguka, mikono yote miwili hunyanyuka kwa pamoja na kupita pembeni. Mara ya pili hukaribia zaidi. Akilipata hulipeleka mdomoni, halafu hulitoa, akaligeuza na kulitazama upya, kana kwamba hakuwa ameliona. Kwa kweli hakuwa ameliona lote. Macho mawili huanza kushirikiana kupima kina karibu na mwezi wa nne, na ni katika kipindi hicho hicho mkono huanza kufuata kile jicho linachokiona. Kila mara mkono unapokosa, mtoto hujifunza kitu kuhusu umbali ambacho kutazama peke yake kusingemfundisha.

Ushahidi unaotajwa zaidi katika uwanja huu ni wa Richard Held na Alan Hein, Marekani, 1963. Waliwalea paka wachanga gizani, kisha kwa saa chache kila siku wakawafunga wawili wawili kwenye mtambo wa kuzunguka. Mmoja alitembea kwa miguu yake. Mwenzake alibebwa ndani ya kitoroli kilichovutwa na mwendo wa yule wa kwanza. Wote wawili walipitiwa na mandhari yale yale. Hatimaye aliyetembea aliweza kuukwepa ukingo wa shimo na kunyoosha miguu alipokuwa akishushwa juu ya meza. Aliyebebwa hakuweza, ingawa macho yake hayakuwa na kasoro.

Ni rahisi kuyachukua matokeo hayo na kuihukumu mbeleko: kwamba mtoto anayeshinda mgongoni mwa mama shambani ni yule paka wa kwenye kitoroli. Hukumu hiyo siikubali. Paka wale walirudishwa gizani baada ya kila zoezi, na hawakuwa na wakati mwingine wa kutembea huku wakiona. Tena, waliobebwa walipoachwa huru kwenye mwanga kwa saa 48 tu, walijirekebisha. Mtoto wa mbeleko hushushwa mkekani kila siku. Na hata akiwa mgongoni hana utulivu wa mzigo: mama akiinama kupalilia, shingo na kiwiliwili cha mtoto hujirekebisha, akiitwa na mtu, hugeuza kichwa kumtafuta. Kinachopaswa kutuhangaisha ni mtoto asiyeshushwa kabisa, au anayeachwa amelala chali siku nzima ndani ya nyumba yenye giza.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake, na kwa maoni yangu haujatumiwa vya kutosha. Mwaka 1957 Marcelle Geber alieleza wepesi wa watoto wa Uganda katika kukaa na kutembea, na mjadala uliofuata ulielemea kwenye asili na maumbile. Charles Super, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakipsigis wa Kokwet nchini Kenya, alichapisha mwaka 1976 maelezo yenye mashiko zaidi. Watoto wa Kokwet walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani kwa sababu akina mama waliwafundisha kwa makusudi. Kutambaa, ambako hakukutiliwa mkazo huo, hakukutangulia. Mimi naongeza kwamba anayemkalisha mtoto mapema anayafundisha macho pia. Watafiti wa New York waliowavalisha watoto kamera kichwani, na kuchapisha matokeo mwaka 2014, walikuta kwamba anayetambaa huona zaidi sakafu iliyo mbele ya mikono yake, ilhali aliyesimama huona chumba na watu waliomo.

Uhusiano huo huenda pia upande wa pili. Huko Edinburgh mwaka 1974, David Lee na Eric Aronson waliwasimamisha watoto waliokuwa wameanza kutembea karibuni ndani ya chumba chenye kuta zinazosogezwa huku sakafu ikitulia. Kuta ziliposogea, watoto waliyumba na wengine wakaanguka. Mtoto husimama kwa macho kama anavyosimama kwa miguu.

Ndiyo maana naona matokeo ya Selma Fraiberg wa Michigan, aliyoyachapisha katika kitabu mwaka 1977, yanafaa kujulikana na kila muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Watoto waliozaliwa bila kuona, wasio na ulemavu mwingine, walikaa na kusimama karibu na umri wa kawaida, lakini wakachelewa kwa miezi kutambaa na kutembea wenyewe. Misuli ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni kitu cha kuwavuta mbele. Sauti haikuweza kuchukua nafasi hiyo mpaka karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza.

Kwetu Tanzania, mtoto wa jicho ni miongoni mwa sababu za upofu wa utotoni zinazotibika kwa upasuaji, na Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi hufanya upasuaji huo. Tatizo ni muda. David Hubel na Torsten Wiesel, washindi wa Tuzo ya Nobel ya 1981, walionyesha kwamba ubongo usiopokea picha kutoka kwenye jicho katika kipindi cha mwanzo hupoteza uwezo wa kulitumia, hata jicho likitengenezwa baadaye. Watoto wetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa kwa miezi mingi, wengine kwa miaka. Chanjo ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2014, hupunguza chanzo kimoja cha ugonjwa huu, lakini si vyote.

Kwa hiyo maswali mawili yaingizwe katika kila mahudhurio ya kliniki: je, anamfuata mama kwa macho, na je, ananyoosha mkono kukifuata anachokiona? Asiyemfuata mama kwa macho afikapo miezi mitatu, asiyenyoosha mkono afikapo miezi sita, mwenye macho yanayochezacheza au doa jeupe kwenye mboni, apewe rufaa siku hiyo hiyo. Kutoka Nkowe hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400, na familia inayosubiri fedha za korosho ili ipate nauli inaweza kusubiri miezi ambayo ubongo wa mtoto hauna. Naziomba halmashauri za Ruangwa na Nachingwea zitenge nauli ya mtoto huyo na mzazi wake katika bajeti ya afya, kama zinavyotenga mafuta ya gari la chanjo.